Kundi la Wazima

Nilipata kazi ya mashine kwa sababu nilikuwa msusi. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Majengo, mjini, nikisuka wanawake kwenye kibaraza cha mwenye nyumba, na mmoja wa wateja wangu alikuwa muuguzi. Siku moja nikiwa nimekishika kichwa chake magotini aliniambia kwamba kuna daktari kutoka Ulaya anayefanya utafiti wa kifafa pamoja na daktari wa hospitali yetu. Wameleta mashine ya kupima ubongo, lakini kila wakibandika nyaya kichwani kwa mtu zinadondoka, maana hawajui kuzigawa nywele zetu.

"Wanataka mtu wa kitana," alisema, akacheka. "Na awe na Kiingereza kidogo."

Kiingereza changu nilijifundisha mwenyewe. Darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea, na aibu ile sijaimaliza mpaka leo. Nilinunua kamusi iliyochanika kurasa za mwanzo, nikasoma kila kilichopita mbele yangu: maandishi ya kwenye makopo ya maziwa, karatasi zinazokuja ndani ya pakiti za dawa, gazeti lililofungia sukari siku ambazo sukari ilipatikana. Nilipoitwa kuonana na daktari mgeni niliandika kwenye kiganja maneno ambayo niliogopa kuyasahau. Nilitoa jasho, yakafutika.

Mashine yenyewe ilikuwa kabati la chuma lenye kalamu zilizolala juu ya karatasi inayotembea. Kila kalamu iliunganishwa kwa waya na kisahani kidogo cha fedha, na visahani hivyo tulivibandika kichwani kwa gundi nyeupe yenye chumvi. Mtu akitulia, kalamu zinacheza taratibu kama maji ya mfereji. Mtu mwenye kifafa, hata akiwa ametulia tu, mara nyingine kalamu huruka ghafla na kuacha ncha kali, kama mwiba. Watu waliiita picha ya ubongo. Daktari mgeni alisema si picha hasa, ni mwandiko wa umeme wa kichwani, lakini na yeye mwishowe alisema picha kama sisi wengine.

Nilijifunza kazi ile kwa hofu. Nilikuwa, na bado ni, mtu wa kurudi njiani kuhakikisha kama nimezima swichi. Kichwa kilipimwa kwa utepe kama wa fundi cherehani, tukaweka alama kwa penseli, na kisahani cha kushoto kilitakiwa kikae sawasawa na mwenzake wa kulia. Kikisogea upana wa kidole tu, pande mbili hazipatani tena, na karatasi itaonyesha tofauti ambayo huenda haimo kichwani. Sentensi hiyo niliisoma kwenye kitabu cha mashine mpaka nikaikariri. Nilipima, nikafuta, nikapima tena. Wagonjwa walisinzia kwenye kiti wakinisubiri.

Wengine walitoka Kahe na tambarare za chini, wengine huku juu mlimani kwetu. Wengi walikuwa na makovu ya moto, maana mtu akianguka jikoni huangukia mafiga, na majirani huogopa kumvuta. Walisema povu linaambukiza. Nitasema ukweli: mara ya kwanza mgonjwa alipoanguka mbele yangu, mimi pia nilirudi nyuma, mgongo ukagonga ukuta. Daktari mgeni ndiye aliyepiga magoti.

Baada ya miezi kadhaa akasema sasa anataka watu wazima. Utafiti hauwezi kuwa wa wagonjwa peke yao, alinieleza. Lazima kuwe na kundi la watu wasio na kifafa, wa rika zile zile na wa maeneo yale yale, ili picha zilinganishwe. Nilielewa haraka. Niliahidi kuwaleta.

Jumapili nilisimama nje ya kanisa letu mlimani, nikatangaza kwamba kipimo ni bure na hakiumi.

"Hakiumi mwilini," mama mmoja akanijibu, "lakini mwanangu akionekana kwenye mlango wa mashine ile, nani atamuoa? Wewe?"

"Mpime padri kwanza," akasema mwingine, "tuone kama ataendelea kusoma misa."

Walicheka, wakashika njia zao. Jumapili iliyofuata walinikwepa kabisa. Daktari mgeni aliniuliza kila asubuhi, kwa upole, na ule upole ndio ulionitesa. Sikuweza kula. Nikienda nyumbani kwa mama nilikaa kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, katikati ya migomba nikipanga maneno mapya ya kuwashawishi watu.

Mdogo wangu ndiye aliyenionea huruma. Alikuwa ametoka chuo cha ualimu, anasubiri kupangiwa kituo, na Kiingereza chake kilikuwa cha shuleni hasa, si cha makopo kama changu. Tena alikuwa ameposwa. Mchumba wake alikuwa karani kwenye kiwanda cha sukari kule chini, kijana mpole wa parokia ya jirani, na Jumapili iliyokuwa inakuja ukoo wao ungekuja kumwona.

"Nitakuja mimi," alisema. "Kichwa ninacho."

Alikuja siku ya kazi, kabla ya Jumapili hiyo, akiwa amefunga kitambaa. Alipokivua moyo ulinishuka. Mawifi zake watarajiwa walikuwa wamemsuka twende kilioni, misuko myembamba iliyonyooka kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, kazi safi ambayo hata mimi ningejivunia. Nikapima kwa utepe. Alama ya upande wa kushoto, juu ya sikio, iliangukia katikati kabisa ya msuko.

"Hapa lazima nifumue."

"Hufumui, dada. Wamenisuka kutwa nzima, vidole viliwauma. Jumapili watakuja kunitazama. Niwaambie dada yangu msusi ndiye aliyeharibu?"

"Basi sikupimi."

"Basi utamwambia nini mzungu wako? Weka pembeni kidogo. Si kuna njia hapo, pana kama barabara ya Sanya Juu?"

Nikaweka pembeni kidogo, kwenye njia kati ya misuko. Karatasi za wiki hiyo zilikuwa zinasubiri kupelekwa Ulaya na yeye ndiye mtu mzima wa kwanza niliyempata. Daktari mgeni alikagua, akatikisa kichwa kukubali. Yeye hakujua kwamba pale pembeni kidogo palinichoma mimi kama kokoto kwenye kiatu.

Mdogo wangu alicheka mara ya kwanza kalamu zilipoanza kutembea, nikamkataza. Akatulia. Maji ya mfereji yakapita vizuri. Kisha kalamu ya upande wa kushoto ikaruka. Ncha moja, kali. Nikamtazama usoni: amefumba macho, anapumua. Karatasi ikaendelea kutembea, na kabla haijafika mwisho wa meza kalamu ikaruka tena.

Haikurudia. Nilisubiri mpaka karatasi ikaisha na haikurudia.

Daktari mgeni aliipitia kwa muda mrefu. Aliweka alama ya kuuliza kwa penseli nyekundu. Inawezekana ni kisahani, alisema, na inawezekana ni yeye. Aliwahi kuanguka? Nikasema hapana. Alipokuwa mchanga, je, aliwahi kupata degedege? Nikakumbuka homa moja, mama akimkimbiza barabarani amemfunika kanga, na mimi nikiwafuata huku nalia. Lakini mtoto gani wa kwetu hakupata degedege la malaria? Nilimwambia yote mawili, homa na swali langu. Alikunja karatasi.

"Tumweke kando," alisema.

Nikauliza, kando wapi? Akanieleza kwamba hawezi kuingia kundi la wazima, kwa sababu picha ina shaka. Kundi la wagonjwa pia haingii, kwa sababu si mgonjwa. Kwake lilikuwa jambo dogo la kupanga karatasi. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye jua, nikitamani kumuuliza mtu yeyote jina la mahali pale alipowekwa mdogo wangu.

Jumapili mawifi walikuja. Nilikuwa nimemsafisha kadiri nilivyoweza, lakini gundi iliyoingia chini ya misuko ilikuwa imekauka, nyeupe kama uji uliomwagika. Mmoja wao, akimrekebisha kitambaa kwa mapenzi tu, akaiona.

"Wifi, hii nyeupe ni nini? Mba?"

"Ni gundi ya hospitali," mdogo wangu akajibu bila kufikiri. "Dada alinipima ubongo."

Yule wifi akarudisha kitambaa polepole, kama mtu anayefunika chungu.

Baada ya siku chache shangazi wa mchumba akafika nyumbani. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, anayeheshimiwa na pande zote mbili. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Mama akamletea mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata. Aliipokea, akaiweka chini bila kuonja, na hapo mama akajua hakuja kwa heri.

"Nimetumwa," alisema shangazi. "Tumesikia binti ametiwa kwenye mashine ya kifafa. Kwetu hakuna kifafa. Nimekuja kuuliza, si kutukana."

Mama alinitazama. Nikaeleza. Nilieleza kundi la wazima, utepe, upande wa kulia na wa kushoto, msuko uliokuwa juu ya alama, kisahani kilichosogea. Nilieleza zaidi ya alivyouliza, kwa sababu siwezi kueleza jambo nusu.

"Kwa hiyo mashine yote ya Ulaya imeshindwa na twende kilioni?" akauliza shangazi.

Mama alicheka, peke yake.

"Mimi sikuja kucheka, mama," shangazi akamwambia.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alivua kitambaa, akachukua kitana changu, akaanza kufumua msuko wa kwanza. Alifumua mpaka nywele za upande mmoja zikawa zimesimama ovyo.

"Shangazi, kesho nitakaa tena kwenye mashine," alisema. "Wewe utakaa pale pale utazame. Ukaone mwenyewe, usisikie kwa watu."

Shangazi alikuja kweli, na kikapu chake. Daktari mgeni alimpa kiti karibu na kalamu. Sijawahi kufanya kazi kama niliyofanya asubuhi ile. Nilisafisha ngozi, nikapima, nikapima tena, visahani vya kushoto na kulia vikakaa kama macho ya mtu. Mdogo wangu hakucheka safari hii.

"Hizo kalamu zinajuaje?" shangazi akaninong'oneza.

"Hazijui, shangazi. Zinafuata tu."

Karatasi ilitembea mpaka mwisho. Maji ya mfereji, hakuna mwiba. Niliangalia kila kipande kilipokuwa kikianguka kwenye sanduku na nikasikia machozi yakinijia. Daktari wetu alikuwa safarini, kwa hiyo mgeni alizungumza na mimi kwa Kiingereza. Alisema picha ni safi. Kisha, kwa sababu na yeye alikuwa mtu mwaminifu, akaongeza kwamba picha safi ya pili haifuti shaka ya ile ya kwanza. Mtu anaweza kuonyesha leo na asionyeshe kesho.

"Anasemaje?" akauliza shangazi.

Mdogo wangu, ambaye aliyasikia yote na kuyaelewa kuliko mimi, alinitazama kutoka kwenye kiti, nyaya zikimning'inia. Sikuyasoma macho yake. Nilikuwa nashughulika kutafuta Kiswahili kilicho sawasawa.

"Anasema ni safi. Lakini safi hii haifuti ile ya kwanza."

"Kwa hiyo hajui."

"Hajui kwa uhakika."

"Mashine yote hii?"

Daktari mgeni akauliza shangazi amesema nini, nikamtafsiria na hilo pia. Uso wake ukawa mwekundu. Akajitahidi kueleza kwamba utafiti huenda hivyo, kwamba inabidi kuona vichwa vingi sana ndipo ujue kitu kidogo kuhusu kimoja. Nikamfikishia shangazi. Alisikiliza kwa adabu, akachukua kikapu chake.

"Mwambie namshukuru," alisema. "Yeye ana vichwa vingi. Sisi tunaoa mmoja."

Tulishuka kwa miguu kuelekea mjini. Karibu na stendi mdogo wangu akasimama.

"Alisema safi. Ungeishia hapo."

"Ningewezaje? Alisema na lile jingine."

"Najua hungeweza." Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Wewe hata chai huwezi kumimina bila kufuta birika kwanza. Lakini lile birika, dada, lilikuwa langu."

Ukoo wa mchumba hawakuvunja posa. Walituma habari kwamba watasubiri, mpaka kahawa ya msimu ujao ivunwe na ikauke, waone. Hawakusema waone nini. Mchumba mwenyewe alikuja mara moja, akasema yeye hana shaka ila wakubwa ni wakubwa, na mdogo wangu akamwambia sawa. Kisha mawifi wakaanza kutembelea. Walileta ndizi, walileta mboga, walisaidia hata kuchambua kahawa, na wakati wote huo macho yao yalikuwa kwenye mikono yake. Akinyamaza kidogo, mmoja anauliza, "Wifi, uko sawa?" Akisinzia jioni baada ya kuchota maji, wanatazamana.

Siku moja mezani bakuli la mtori, supu ya ndizi, lilimponyoka. Lilikuwa la moto, limeteleza, basi. Lilipasuka sakafuni na kila mtu akasimama. Mtori ulikuwa unasambaa kuelekea mlangoni na hakuna aliyeutazama. Tulikuwa tunamtazama yeye. Na wa kwanza kusimama, kabla ya mawifi, kabla ya mama, nilikuwa mimi, mikono imenyooka mbele kumdaka.

Aliniona. Alinitazama mimi tu, si wao. Kisha akainama akaokota vipande, kimoja kimoja, mikono yake imetulia kabisa.

Kesho yake alimtuma mama kwenda kusema kwamba posa imekwisha. "Waambie mimi si mbuzi wa kufungwa zizini msimu mzima wasikilize kama nitakohoa." Mama alipunguza ukali njiani, nadhani, lakini habari ilifika.

Ndipo wakaja na isale. Isale ni ule mmea wenye majani marefu unaozunguka vihamba vyetu, na kwetu mtu akikuletea jani lake kuomba msamaha, huwezi kumfukuza. Hata kama mmeuliana mifugo, hata kama mmepelekana mahakamani, jani hilo linapokelewa. Shangazi alilishika yeye mwenyewe, limefungwa fundo, na mchumba amesimama nyuma yake akiangalia viatu vyake. Shangazi alisema wamekosea. Alisema walimtazama mtoto wa watu kama mzigo wa sokoni, na kwamba yeye binafsi hajapata usingizi mzuri.

Mdogo wangu alilipokea kwa mikono miwili.

"Nimepokea, shangazi. Nimesamehe, na sitalizungumza tena."

Mchumba akainua uso.

"Lakini posa ndiyo imekwisha," mdogo wangu akaendelea.

"Binti yangu, isale haipokelewi nusu."

"Sijaipokea nusu. Mmeleta isale kwa ajili ya kosa, na kosa nimelipokea lote. Ya posa huletwa mbege, na mbege sitaipokea."

Mama akaenda ndani, akaleta mbege yetu, na safari hii shangazi akaionja. Alikunywa mpaka nusu ya kata, akampa yule kijana amalizie. Waliondoka kwa kupeana mikono. Nililia mimi, ambaye sikuwa naposwa na mtu.

Alipangiwa shule Sanya Juu, na huko ndiko anakofundisha. Daktari mgeni alirudi kwao; utafiti ukaandikwa, nakala ikatujia kwa ndege, na nikaisoma na kamusi yangu iliyochanika mpaka nikaielewa. Kuna kundi la wagonjwa na kundi la wazima. Tulipata wazima wengine baadaye, kwa shida. Mdogo wangu hayumo popote. Karatasi zake mbili zimebaki kwenye kabati letu la hospitalini kwa sababu hakuna aliyezihitaji, na mimi huzitoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Sasa najua zaidi kuliko siku ile. Nimesoma kwamba watu wasioumwa kabisa wanaweza kuwa na ncha kama zile. Nimesoma pia kwamba kisahani kilichokaa vibaya kinaweza kuzichora. Nikiweka kidole kwenye mwiba wa kwanza, bado sijui, na naona sitajua.

Hajawahi kuanguka. Natamani ningeweza kuandika sentensi hiyo bila kuhesabu ndani yake neno "bado".

Likizo iliyopita alikuja nyumbani, akakaa mbele yangu kwenye mkeka nimsuke. Alitaka twende kilioni, nikashangaa, nikachukua kitana. Nilianza upande wa kulia, nikaenda vizuri, mistari imenyooka. Nilipofika kushoto, juu ya sikio, vidole vyangu vilisimama. Sikuvituma. Vilipapasa ngozi pale kama vinatafuta alama ya penseli iliyooshwa zamani.

"Dada," alisema bila kugeuka.

"Ee."

"Suka."

Nikashika nywele za pale, nikazigawa mara tatu, nikasuka.